Vipande viko wapi?

Katika rasimu ya kwanza ya kazi yangu ya kumaliza masomo niliandika kwamba kitenzi "simama" kinagawanyika. Nilikuwa nimeona tu kwamba vitenzi kadhaa vya mkao wa mwili huishia na -ama: inama, egama, chutama, simama. Profesa anayenisimamia aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Vipande viko wapi?" Sikuwa na jibu, na sura nzima ikarudishwa.

Jioni nilimlalamikia mwenzangu wa chumbani, anayesoma hesabu. Hakunipa pole. Alichukua karatasi, akaandika namba hii:

147 573 952 589 676 412 927

Ni 2 iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe hadi kipeo cha 67, kisha ukatoa 1. Mnamo 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliitaja miongoni mwa namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa. Ajabu ni kwamba njia yake haikutoa kigawo hata kimoja: ilijulikana kuwa namba ile inagawanyika, lakini haikujulikana kwa nini.

Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahesabu huko New York, Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni. Upande mmoja alipiga hesabu ya namba ile. Upande wa pili alizidisha 193 707 721 kwa 761 838 257 287. Majibu yakawa sawa. Inasimuliwa kwamba alirudi kuketi bila kutamka neno, na ukumbi ukapiga makofi. Inasimuliwa pia kwamba kazi hiyo ilimlia Jumapili za miaka mitatu. Kuihakiki, mtu mwenye kalamu na subira anahitaji saa moja tu.

Hapo nilielewa wino mwekundu. Mimi sikuwa hata Lucas: yeye alikuwa na uthibitisho, mimi nilikuwa na hisia.

Nikarudi kwenye kamusi. Kando ya "inama" nikaweka "inika" na "inua". Kando ya "simama" nikaweka "simika". Ukiondoa -ama, -ika na -ua, kinachobaki ni in- na sim-, mizizi ambayo leo hatuitumii peke yake, ndiyo maana "simama" huonekana kama kitu kizima. Niliandika safu mbili za maneno, bila maelezo marefu. Kilichonichukua wiki nyingi, profesa alikihakiki akiwa amesimama mlangoni.

"Chutama" bado sijaipatia mwenzake. Nashuku inagawanyika, lakini katika rasimu mpya nimeiondoa kwenye orodha.