Schumann alinirudisha kwa baba

Shosti, nikwambie ukweli? Piano nilianza kujifunza kwa sababu ya wivu tu. Nilikuwa namtazama mpiga kinanda wa kwaya yetu, nikasema na mimi lazima niweze. Hapo nina miaka 36, watoto wawili, na vidole vigumu kama kuni.

Baada ya mwaka mmoja mwalimu akaniwekea mbele wimbo unaoitwa Träumerei, wa Mjerumani Robert Schumann. Maana yake ni kuota ndoto. Nikautazama: mfupi, mwendo wa polepole. Nikajisemea, huu wiki moja tu nimeumaliza. We acha tu! Ulinitoa jasho miezi mitatu.

Kumbe wimbo wa polepole hauna pa kujificha. Sauti inapanda, ikifika juu unatakiwa uishikilie huku vidole vingine vinaendelea na kazi. Mimi nilikuwa naiachia mapema. Mwalimu naye neno lake ni lilelile: "Dada, usikimbie. Subiri." Kisha sauti inajaribu tena kupanda, na safari hii inafika juu zaidi. Usiku watoto wakilala, nilikuwa naurudia na hedifoni masikioni. Siku moja nikajikuta nalia. Nikamuuliza mwalimu, huyu mtu alikuwa na nini moyoni?

Akanisimulia. Schumann alitaka kuwa mpiga piano mkubwa, lakini mkono wake wa kulia ukaharibika, ndoto ikafa. Akabaki kutunga. Akampenda Clara Wieck, binti wa mwalimu wake mwenyewe wa piano, naye alikuwa mpiga piano hodari. Baba mtu akakataa katakata. Wimbo huu, mmoja kati ya 13 za kitabu chake kuhusu utoto, aliutunga mwaka 1838 akiwa katikati ya vita hiyo. Wapenzi hao walikwenda mpaka mahakamani, wakashinda, na Septemba 1840 wakaoana, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21.

Nilinyamaza. Mwalimu hakujua kwamba ananisimulia habari zangu. Baba yangu pia alimkataa mume wangu. Harusini hakuja. Miaka saba tulikuwa tunasalimiana misibani tu, kama majirani. Na mimi nilishajiapiza: asiponitafuta, simtafuti.

"Sasa yule mzee waliishia naye wapi?" nikauliza.

"Walipatana," mwalimu akasema. "Mwaka 1843, baba mwenyewe ndiye aliyeanza."

Miaka mitatu tu! Mimi na baba tulishaipita mara mbili. Jioni hiyo niliupiga wimbo ule mpaka mwisho, na ile sauti ya juu sikuiachia. Halafu nikachukua simu. Iliita mpaka nikataka kukata. Nikakumbuka: subiri.

Baba akapokea. Tuliongea habari za mvua, za mahindi, za mguu wake unaomsumbua. Msamaha hakuna aliyeutaja. Nilipotaka kuaga akakohoa kidogo, akasema, "Na huyo mumeo, hajambo?"

Mpenzi msomaji, miaka saba hajawahi kumuulizia. Nikamjibu, "Hajambo, baba. Yuko hapa, ngoja nikupe uongee naye."

Nikampa simu mume wangu, mimi nikarudi kukaa kwenye kinanda.