Chui wa Nakuru na kitoweo kilichomponyoka

Ikiwa watoto wanakusumbua kila likizo uwatembeze, na mfuko wako haukuruhusu kufika Maasai Mara, basi ifikirie Mbuga ya Ziwa Nakuru. Ni mwendo wa kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, nawe waweza kwenda na kurudi siku iyo hiyo. Wengi huenda huko kutazama vifaru na ndege aina ya flamingo. Mimi nilikwenda kumtafuta chui. Nilimpata, na kisa chenyewe kingali kinanikera.

Tulitoka jijini saa tisa na nusu usiku, mimi na wana wawili wa kaka yangu, katika gari la kukodi lenye paa la kufunguka. Dereva wetu, mzee mmoja mzaliwa wa Nakuru, alikuwa ameshikilia kwamba ni lazima tuwe kwenye lango la Lanet likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

"Jua likipanda chui hulala," alituambia. "Mtaona mkia ukining'inia mtini, tena mkiwa na bahati."

Ukiingia humo utaona jinsi ziwa lilivyojitwalia nchi. Tangu maji yalipoanza kufurika miaka ya 2010, yamemeza barabara na hata lango kuu la zamani, na miti iliyokauka imesimama majini kama nguzo za nyumba isiyokwisha. Lakini mbali na ufuo ingalipo migunga yenye magome ya manjano, na chini yake nyasi ndefu. Hapo ndipo nyumbani kwa chui.

Mzee alizima gari ghafla. Hakusema neno, alinyoosha kidole tu. Mbele yetu swala pala kama kumi na watano walikuwa wakila nyasi. Nilitazama na kutazama nisione kitu kingine. Ndipo kipande kimoja cha nyasi kikasogea.

"Shangazi, si duma huyo?" mdogo aliuliza kwa kunong'ona.

Hapana. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, na michirizi kama ya machozi usoni. Chui madoa yake ya mgongoni na mbavuni ni kama maua, meusi pembeni na ya hudhurungi katikati. Huyu alikuwa chui jike, na matiti yake yalionyesha wazi kwamba ana watoto wanaonyonya, amewaficha mahali.

Alitambaa tumbo likigusa ardhi. Swala akiinua kichwa, yeye huganda, hata mguu mmoja ukiwa bado hewani. Swala akiinama, husogea hatua mbili. Dakika zaidi ya 20 zilipita hivyo. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini nadhani walimpa simba sifa ya mwenziwe.

Usimlinganishe na duma, ambaye hushinda kwa mbio. Chui hana pumzi ya kufukuza mawindo masafa marefu. Silaha yake ni ukaribu. Hutaka afike mita chache tu kutoka kwa mnyama, kisha aruke, amkabe koo na kumbana hadi roho imtoke. Akionekana kabla ya hapo, kazi imeharibika.

Na iliharibika. Nilikuwa nimesimama, kichwa nje ya paa, simu mkononi nikipiga picha, ilipolia. Alikuwa mama yangu, akitaka kujua kama tumefika salama. Swala wote waligeuka kututazama, na mmoja wao akaona kilichokuwa nyasini. Alikoroma kwa kishindo, na kufumba na kufumbua uwanja ukawa mtupu.

Yule jike hakujaribu hata kukimbia. Alisimama wima, akaukunja mkia juu hadi weupe wa chini yake ukaonekana, akaondoka polepole kuelekea kichakani. Mzee alisema hiyo ni ishara ya chui anayejua ameshaonekana, wala hana haja ya kujificha tena.

"Pole, mama," aliniambia. Wale vijana hawakuniambia kitu, nami sikuwalaumu.

Sikusudii kusema kwamba alikufa njaa. Chui si mchaguzi. Nyama anayoipendelea zaidi ni ya wanyama wa kilo 10 hadi 40, kama vile swala pala na pongo, lakini akikosa hao atakula pimbi, sungura, kanga, samaki, hata mbawakawa. Ndiyo maana anaweza kuishi mahali simba ameshindwa. Wakazi wa Karen na Lang'ata hapo Nairobi waliopoteza mbwa usiku wanalijua hilo vyema.

Tulipanda hadi kwenye lile jabali la nyani, ambako nyani mmoja alimpokonya kijana wetu ndizi mkononi. Watu wengi hudhani nyani ndio chakula kikuu cha chui. Sivyo. Mchana nyani dume huungana wakamkabili, na wanaweza kumrarua. Huwavizia usiku wakiwa wamelala, na hata hivyo mara chache.

Huko njiani mzee alituonyesha mguu wa swala uliokauka, umebanwa kwenye panda ya mgunga. Chui huweza kupandisha mtini mzoga mzito kumshinda yeye mwenyewe, asije akaporwa na fisi au simba. Ila hapa Nakuru simba nao wana tabia ya kupanda miti, kwa hivyo hata ghala hilo halina kufuli.

Jioni, kabla ya kutoka, niliomba tupitie tena pale pa asubuhi. Swala walikuwa wamerudi, wanakula kana kwamba hapakutokea jambo. Simu yangu ilikuwa imezimwa, chini kabisa ya mkoba. Tulingoja nusu saa, tukitazama nyasi kama zitasogea, mpaka mzee akawasha gari tuwahi lango.