Hatari Isiyo na Moshi: Niliyojifunza kwa Mtambo wa Gesi ya Kuni

Katika vyuo vyetu tumezoea kusema kwamba somo la sayansi halina budi kuanzia katika mazingira ya mtoto. Nami nimeirudia kauli hiyo mbele ya wanachuo kwa miaka kadhaa. Nakiri, hata hivyo, kwamba maana yake kamili niliielewa siku moja ya mwezi wa Julai, nilipokuwa nimepiga magoti katika majani yenye umande, nikimwita kwa jina mwanachuo wangu aliyezimia. Nimeona yafaa niwasimulie kisa hicho ninyi mnaojiandaa kwenda kufundisha katika shule za msingi, kwa sababu chanzo chake kilikuwa namna nilivyofundisha.

Chuo chetu kiko katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, katika nchi ya misindano na miwati. Viwanda vya kupasua mbao si haba huku, na mabaki ya mbao mara nyingi huchomwa bure. Shamba la chuo liko mbali na nguzo za umeme, na bustani yetu ya mboga ilihitaji pampu ya maji. Kwa kuwa petroli ni ghali, mimi na kikundi cha wanachuo wa somo la sayansi tuliazimia kuunda mtambo mdogo wa kugeuza kuni ziwe gesi, ili gesi hiyo iendeshe injini ya jenereta.

Wazo hilo si geni. Mfaransa Georges Imbert aliusanifu mtambo wa namna hii katika miaka ya 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, petroli ilipoadimika, magari mengi ya Ulaya yalitembea yakiwa yamebeba mapipa ya kuni au mkaa. Katika Sweden peke yake yalikuwa yapatayo 70,000. Vita vilipokwisha mwaka 1945 na petroli ikarudi, mitambo hiyo iliachwa upesi.

Mtambo wenyewe

Kuni jikoni kwanza hukauka, kisha hutoa moshi, na mwisho hubaki makaa. Mambo hayo hayo hutokea ndani ya mtambo, isipokuwa hewa huingizwa kwa kipimo, pungufu ya ile inayotakiwa ili kuni ziungue kabisa. Juu ya pipa kuni hukauka. Chini yake, kwa joto na uhaba wa hewa, hutoa moshi mzito wenye lami. Chini zaidi ndipo hewa inapoingia kwa vibomba. Hapo joto huzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, na moshi unapolazimishwa kupita katika koo jembamba la moto huo, lami yake nyingi huvunjika ikawa gesi nyepesi. Chini kabisa pana kitanda cha makaa mekundu. Hewa ukaa na mvuke wa maji vinapopenya humo hunyang'anywa oksijeni na makaa, na kinachotoka ni kaboni monoksidi na haidrojeni. Hizo ndizo gesi hasa zinazowaka. Karibu nusu ya mchanganyiko wote ni naitrojeni isiyowaka, iliyoingia pamoja na hewa. Ndiyo maana injini ya petroli inayotumia gesi hii hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Tulichomelea pipa kwa mabati mazito, tukaunga bomba refu la kupoza gesi, na mbele yake kichujio cha kuzuia majivu na lami. Feni ndogo ilivuta gesi wakati wa kuwasha, mpaka injini ilipoweza kuivuta yenyewe. Makosa yalitufundisha mengi. Vipande vya msindano mbichi vilitoa lami iliyogandisha valvu za injini, tukaifungua na kuisafisha kwa siku mbili. Tukajifunza kutumia mti wa mwati uliokauka vizuri, uliokatwa vipande vya ukubwa wa kiberiti. Vipande virefu hukingamana ndani ya pipa vikafanya daraja. Chini yake makaa huisha, na injini huzimika. Mambo yakienda sawa, kilo moja hadi moja na nusu ya kuni kavu huweza kutoa uniti moja ya umeme.

Kabla ya kuiruhusu gesi iingie katika injini, tuliijaribu kwa kuiwasha kwenye mdomo wa bomba. Mwanzoni ulitoka moshi wa kahawia. Mtambo ulipopata joto moshi ulitoweka, na mwali ukawa mtulivu, wenye rangi ya samawati. Hapo wanachuo walishangilia: "Sasa gesi ni safi!" Nami nilikuwa nikilisema neno hilo kila siku.

Siku ya ajali

Hatari ya kaboni monoksidi niliiandika katika andalio langu la somo. Ilikuwa nukta ya saba na ya mwisho chini ya kichwa "Tahadhari", nami niliisoma ubaoni zikiwa zimebaki dakika tano kengele ilie. Katika jaribio la wiki iliyofuata niliuliza: "Taja gesi yenye sumu itokayo katika mtambo." Wanachuo wote, isipokuwa wawili, walijibu sawasawa. Nikaridhika.

Asubuhi ile ya Julai ukungu ulikuwa mzito na manyunyu hayakukoma. Kwa kuhofia injini kulowa, niliruhusu mtambo usogezwe ndani ya banda la zana, na mlango ukaegeshwa kwa sababu ya baridi. Injini ilipozimika tulijua kuni zimefanya daraja. Mwanachuo mmoja wa kike, hodari kuliko wote katika kikundi, akafungua kifuniko, akainama na kuanza kuzichokoa kwa fimbo ya chuma. Moshi haukuonekana. Baada ya muda mfupi alisema kichwa kinamgonga. Mwenzake alidhani ni baridi. Kisha magoti yakamlegea, akaanguka.

Tulimtoa nje upesi, na gari la chuo likampeleka hospitali, akapewa oksijeni. Namshukuru Mungu alipona. Mkuu wa chuo alisimamisha kazi yote ya mtambo, na alikuwa na haki.

Nilipokwenda kumtazama kesho yake nilimwomba radhi. Yeye akaniuliza jambo ambalo sijalisahau: "Lakini mwalimu, mbona hapakuwa na moshi?" Akaniambia kwamba nyumbani kwao, wakati wa baridi, mama yake huwasha jiko la mkaa uani, husubiri likolee na moshi uishe, ndipo huliingiza katika chumba cha kulala na kufunga dirisha. Tangu utoto alifundishwa kwamba hatari ni moshi. Moshi ukiisha, jiko ni salama.

Hapo nikaona kosa langu. Alilijua jina la gesi, na katika jaribio langu alipata alama zote. Lakini elimu aliyokuja nayo kutoka nyumbani sikuigusa, na elimu hiyo ndiyo iliyouongoza mkono wake alipofungua kifuniko. Mimi nami, kila nilipoiita gesi "safi", niliithibitisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa yanayozaa kaboni monoksidi, katika mtambo wetu na katika jiko la mama yake vilevile. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aliyelala hufa bila kuamka.

Jinsi ya kulifundisha somo hili

Siwashauri kuunda mtambo wa gesi katika shule ya msingi. Lakini watoto wengi mtakaowafundisha hulala katika nyumba zenye jiko la mkaa, na somo hili ni lao. Baada ya ajali tulilipanga upya, na mwanachuo yule yule aliomba kulifundisha katika Darasa la Tano wakati wa mazoezi ya kufundisha. Hatua zake zilikuwa hizi.

Kwanza, aliuliza kabla ya kueleza: "Nyumbani mnajuaje kwamba jiko sasa ni salama kuingizwa ndani?" Aliandika majibu yote ubaoni bila kumkosoa yeyote. Karibu yote yalitaja moshi.

Pili, alionyesha kwamba kinachotoka katika moto huweza kuwa bado na kitu cha kuwaka. Madirisha yakiwa wazi, aliuzima mshumaa, na papo hapo akausogeza mwali wa kiberiti katika mkufu wa moshi uliopanda. Moto uliruka ukashuka hadi kwenye utambi. Darasa zima lilisimama. Jaribio hili alifanye mwalimu peke yake, watoto wakitazama kwa mbali.

Tatu, aliwaambia kwamba makaa nayo hutoa kitu cha kuwaka, ila hicho hakionekani wala hakinuki. Kisha akarudi kwenye majibu ya ubaoni, na watoto wenyewe wakajadili lipi lifutwe.

Nne, waliafikiana juu ya la kufanya: jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama limekolea, na mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na makaa, wote watoke nje mara moja. Mwalimu asimdharau mzazi mbele ya mtoto wake. Mzazi anayeingiza jiko anawakinga wanawe na baridi kwa njia anayoijua.

Mtambo wetu unafanya kazi tena. Uko chini ya paa lisilo na kuta, hakuna anayeuhudumia peke yake, wala anayeinama juu ya kifuniko kilicho wazi. Katika andalio langu la somo tahadhari imekuwa hatua ya kwanza, nayo huanza kwa swali badala ya maelezo. Neno "safi" tumeliacha. Tunasema "gesi iko tayari".

Yule mwanachuo sasa ni mwalimu. Tulipoonana mara ya mwisho nilimuuliza habari za nyumbani kwao. Alicheka, akasema mama yake bado ananung'unikia baridi, na amelazimika kumnunulia blanketi la pili. Lakini jiko sasa hulala nje.