Mkate wa Njiani kwa Moyo Uliochoka



Kati ya maswali mnayotuletea baada ya mafundisho, liko moja linalorudi mara nyingi: mtu akikata tamaa, je, imani yake imekufa? Wengine wenu mmemaliza masomo na kazi haionekani. Wengine mmekimbia vita, mkaacha nyumba na makaburi ya wazee wenu. Wengine mnasali, na mbingu ziko kimya. Swali la namna hiyo halistahili jibu la haraka.

Tufungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya alikuwa ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli, mbele ya manabii 450 wa Baali. Malkia Yezebeli akaapa kumwua, naye akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja. Aliketi chini ya mti mdogo wa jangwani, akaomba kufa. Tuangalie vema: anayeomba hivyo ni nabii mkubwa, si mtu wa imani haba. Tena, hata alipochoka na maisha, maneno yake aliyaelekeza kwa Mungu. Malalamiko yake yalikuwa sala.

Na Mungu hakumkaripia. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala mara ya pili. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 mpaka Horebu. Huko kulipita upepo mkali, tetemeko la ardhi na moto, lakini Bwana hakuwa ndani ya hayo. Sisi wa Kivu, tunaoujua moto wa Nyiragongo, tunaelewa jinsi mambo makubwa yanavyovuta macho. Bwana alikuja kwa upole, kama anayenong'ona. Akampa Eliya kazi ya kufanya, akampa Elisha awe mwenzake na mrithi wake, akamjulisha pia kwamba wamebaki watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti. Naye alidhani amebaki peke yake!

Sisi tunaowaandikia tumeonja kidogo uchovu huo. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika kijana wetu, mzaliwa wa pili, baada ya homa ya siku 4. Jumapili iliyofuata, somo la wakatekumeni lilikuwa juu ya ufufuko wa wafu. Tulilifundisha, kwa kuwa ndilo lililokuwa zamu yake. Kinywa kilisema, moyo ulikaa kimya. Kwa miezi mingi Rozari ilikuwa shanga tu mikononi mwetu.

Hakuna hotuba iliyotuinua. Mama mmoja mjane wa jumuiya yetu alikuja jioni kwa jioni na bugali na sombe. Hakuhubiri. Alikaa nasi mpaka tumekula, akasali Baba Yetu, akaenda zake. Kisha siku moja mkatekumeni aliyefiwa na baba yake akatuuliza: "Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini kwamba tutawaona tena?" Tukamjibu: "Tunaamini pamoja na Kanisa, mwanangu, hata leo ambapo hatuhisi chochote." Jibu hilo lilitufundisha sisi kwanza. Tulifahamu kwamba imani haipimwi kwa joto la moyo. Ni kushika mkono wa Mungu gizani, na kukubali kushikwa na wenzetu.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu aliijua njia hiyo. Tangu Pasaka ya mwaka 1896 mpaka kifo chake, tarehe 30 Septemba 1897, aliishi katika giza la imani. Wakati huo aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake, akaichukua daima moyoni pake. Alikuwa na umri wa miaka 24 alipofariki: rika lenu, enyi vijana!

Basi, tufanye nini siku za uchovu? Kwanza, tusiudharau mwili: Mungu alianza na mkate na usingizi. Mwenye huzuni isiyokwisha, asiyeweza kula wala kulala, amwendee pia daktari. Huko si kukosa imani. Pili, tumwambie Mungu ukweli wote, bila kuupamba. Tatu, tusijitenge. Eliya alimwacha mtumishi wake nyuma. Sisi tusiiache jumuiya, hata kama tunakuja bila neno la kusema. Nne, tuifanye kazi ndogo ya leo: kumtembelea mgonjwa, kufagia kanisa, kumfundisha mtoto kusoma. Imani hukua polepole kama muhogo ardhini. Juu huoni jambo kubwa, lakini chini mizizi inanenepa.

Tujiulize katika kikundi: Ni nani kati yetu ambaye hatujamwona kwa majuma kadhaa? Ni mkate gani tunaweza kumpelekea, kabla ya kumpelekea maneno?

Bwana aliyemlisha Eliya jangwani atulishe nasi kwa Mwili wa Mwanae, mpaka tuufikie mlima wake. Amina.