Mkia wa Datsun

Zamani pale Kawangware pikapu ilipimwa kwa mkia wake. Ikiwa tupu, mkia ulitakiwa kusimama juu, nyuma imeinuka hata gari zima linaonekana kuinamia mbele. Mwenye viazi hakuuliza maswali mengi. Alitazama nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi, akajua kama springi zitavumilia. Pikapu iliyokaa sawasawa na barabara aliipita bila kuisemesha. Datsun 1200 ya baba mdogo ilikuwa na mkia uliosimama kuliko zote nilizozifahamu kati ya steji ya 46 na Dagoretti Corner, na sisi watoto wa nyumba ile tuliuhesabu kuwa ndio urembo wenyewe.

Kiwandani haikuumbwa hivyo. Nissan walipoanza kuiuza mwaka 1971 ilikuwa pikapu ndogo, nyepesi, ya injini ya cc 1171, iliyokusudiwa kubeba nusu tani. Lakini gunia la lumbesa, likishonewa wavu juu, lilivuka kilo 100 bila taabu, na hakuna mtu aliyefunga safari kutoka Kawangware hadi Limuru ili arudi na magunia manne. Baba mdogo alirudi na zaidi. Kwa hiyo gari lilipelekwa kwa fundi, likainuliwa juu ya mawe, na mabamba ya springi kuukuu za Land Rover yakakatwa, yakapashwa moto, yakapindwa na kupachikwa chini ya yale ya asili. Boluti za mwanzo hazikuweza kuyafumbata yote, zikachongwa nyingine ndefu.

Likiwa na mzigo, gari lilitulia barabarani kwa namna ya kupendeza. Likiwa tupu, kila tuta la Naivasha Road lilitufikia mgongoni moja kwa moja. Chuma nacho kiliumia. Masikio ya chasi yanayoshika springi yalipasuka, yakachomelewa, kisha yakapasuka tena kando ya mshono. Ukilala leo chini ya gari hilo na tochi, unaweza kuisoma historia yote ya biashara ya baba mdogo katika mishono hiyo.

Pikapu za wakati huo hazikubeba viazi peke yake. Baada ya Rais Jomo Kenyatta kuziruhusu matatu mwaka 1973 kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi, pikapu nyingi za Nairobi zilijengewa bodi nyuma na kutiwa mabenchi ya kutazamana. Nilizipanda za namna hiyo nikienda kwa shangazi Makina, Kibera, magoti ya abiria wa huku yakigusana na ya wa kule, na springi chini yetu zimeongezwa mabamba kwa sababu ile ile. Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, zikidai mkanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, enzi ya mabenchi hayo ilifika mwisho. Mafundi wake walibaki. Hewa walikuwa wanaijua tayari: honi za matatu zilipigwa kwa kompresa na tangi dogo, na breki za malori zilikamata kwa hewa hiyo hiyo. Kilichokuwa bado ni mtu wa kuwaomba waiweke chini ya pikapu ndogo, ibebe gari lenyewe.

Jicho langu lilibadilishwa na Ngong Racecourse, ambayo iko jirani kabisa na Kibera. Pale ndipo yanapofanyika mashindano ya umaridadi wa magari, Concours d'Elegance, ambayo klabu ya wenye Alfa Romeo iliyaanzisha mwaka 1970. Waamuzi huinama wakakagua mpaka chini ya chasi. Nilipoyaona magari ya umri wa Datsun yetu yakiwa yamekaa kama yalivyotoka kiwandani, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba umbo la pikapu ile nilikuwa sijaliona. Mstari unaoanzia kwenye taa za mbele, ukapita chini ya dirisha hadi kwenye kibao cha nyuma, ulichorwa uende sambamba na ardhi. Sisi tulikuwa tumeuvunja katikati kwa mabamba ya Land Rover.

Tangu hapo nimeishi na shule mbili kichwani. Shule ya matatu inasema gari ni lako, libadilishe mpaka watu wageuke kulitazama. Shule ya Concours inasema gari ni la waliolibuni, lirudishe lilivyokuwa. Nazipenda zote mbili kwa moyo mmoja, na baba mdogo aliponikabidhi funguo, macho yake yakiwa yamechoka na barabara za usiku, nilijua kwamba ninataka Datsun ile ishuke, na ishuke kwa hewa.

Wazo lenyewe si geni duniani. Huko California sheria iliyoanza mwaka 1958 ilipiga marufuku gari ambalo sehemu yake ya bodi imeshuka chini ya ukingo wa ringi. Mwaka uliofuata kijana mmoja, Ron Aguirre, akatia pampu za mafuta kwenye Corvette yake, akawa anaiinua na kuishusha apendavyo. Hewa ilikuja kufanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi. Mpira wenye hewa unachukua nafasi ya chuma. Ukiujaza gari linapanda, ukiupunguza linashuka. Wajapani nao wanaishusha pikapu hii hii, ambayo kwao iliendelea kuundwa hadi mwaka 1994, na picha zake ndizo zilizonikosesha usingizi.

Fundi wa kwanza niliyemwendea ni kijana wa Kawangware, mchomeleaji hodari aliyekulia kwenye bodi za matatu. Aliizunguka Datsun, akapiga magoti, akacheka kwa furaha.

"Brathe, hii tunailaza chini kabisa," aliniambia. Mpango wake ulikuwa kutoa springi zote za nyuma, kukata chasi nusu mwezi juu ya ekseli ili ekseli ipate pa kuingilia, kisha kuimarisha pale kwa bamba nene. Na kwa kuwa springi ya mabamba hufanya kazi mbili kwa pamoja, kubeba uzito na kuishika ekseli isiende mbele, nyuma wala kando, angechomelea mikono minne ya chuma ya kuishika. Mfuko wa hewa unabeba tu. Haushiki chochote. Ukiuweka bila mikono, ekseli itahama siku ya kwanza utakapokanyaga breki. Alilieleza jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, na namheshimu kwa hilo.

Fundi wa pili ni mzee wa Kibera, Mnubi wa Makina, ambaye gereji yake haina ukuta. Alisikiliza mpango wote akiwa ameketi, halafu akauliza swali moja. "Mwanangu, ukishaikata na usiipende, utapata wapi nyingine?"

Swali hilo ni zito katika nchi yetu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari kuukuu lililozidi miaka 8. Datsun 1200 zilizopo ndizo zilizopo, zile zilizookoka viazi, kutu na vyuma chakavu. Anayekata chasi ya mojawapo anaipunguza hesabu ya nchi nzima. Ninaamini kwamba mtu ana haki ya kulipamba gari lake apendavyo, lakini kwa gari lisilo na mrithi napenda kila badiliko liweze kufunguliwa kwa spana.

Mzee akatoa njia yake. Tuondoe mabamba yote ya Land Rover. Tubakize bamba kuu la asili, lile lenye macho mawili, liendelee kuishika ekseli kama lilivyoishika tangu kiwandani. Juu ya ekseli, kila upande, tuweke mfuko wa hewa kwenye kikombe cha chuma kilichofungwa kwa boluti, pasipo kuchomelea chochote kwenye chasi. Bamba moja ni laini, litakubali kushuka. Haitalala chini kama ya kijana. Itashuka vya kutosha mstari wa bodi urudi ulipochorwa, na bado ishuke kidogo zaidi ya hapo, kwa ajili ya moyo wangu wa matatu.

Kijana alisikitika, kisha akakubali kutengeneza vikombe. Sasa hivi wao wawili ndio wanaopanga, mimi nabeba ujumbe na vyuma kati ya Kawangware na Kibera. Kwa mwendo huo barabara nazo zimeingia katika mpango. Ile inayounganisha Ngong Road na Lang'ata kupitia Kibera, ambayo Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa kuipisha, ni lami laini. Gari lililoshuka lingepita bila wasiwasi. Ukiiacha tu na kuingia ndani, unakutana na mitaro ya maji, mawe yaliyochongoka na madaraja ya mbao. Kwa hiyo tumekubaliana juu ya vimo vitatu: cha chini cha kuegesha, cha kati cha barabara, na cha juu cha kuvukia matope. Springi ya chuma ina kimo kimoja tu, na kimo hicho aliyekiamua ni mzigo.

Siku nilipokwenda kumweleza baba mdogo nilitarajia anikatalie. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza, "Itabeba?"

Nikamchorea hesabu kwenye karatasi. Mfuko wenye upana wa sentimita 15, ukitiwa hewa ya paundi 30, hubeba takriban kilo 370. Ukitiwa paundi 60, hubeba mara mbili ya hapo. Iko miwili. Bamba la asili nalo linasaidia kidogo, ingawa ekseli na breki ni zile zile za nusu tani, kwa hiyo hewa haimpi mtu ruhusa ya kurudi kwenye lumbesa. Na kwa kweli lumbesa yenyewe imekatazwa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia.

Aliitazama karatasi ile muda mrefu. "Kumbe ukipakia unaongeza hewa, ukipakua unaitoa," alisema. Halafu akasema neno ambalo kwangu limeubeba mpango mzima: kwamba yeye hakuwahi kuupenda ule mkia. Aliuinua kwa sababu safari ya kwenda ilikuwa tupu na ya kurudi imejaa, na chuma hakiwezi kuwa laini asubuhi na kigumu jioni. Miaka yote hiyo nilidhani ninaenda kinyume na kazi yake. Tangu siku ile amekuwa akinipigia simu kuulizia valvu.

Valvu na mabomba tumeyapata Kirinyaga Road, yaliyotoka kwenye malori. Mifuko ya mtumba mzee ameikataa. Ipo tele, kwa sababu baadhi ya Prado na Land Rover Discovery huja na hewa kutoka kiwandani, na ikianza kuvuja wenye magari wengine huitoa wakatia koili. Lakini mpira uliokwisha kufanya nyufa kwenye mikunjo, mzee anasema, hauwekwi chini ya gari la mtu mwenye watoto. Tutanunua mipya. Kila upande utakuwa na bomba na valvu yake, kwani mifuko miwili ikiunganishwa hewa hukimbia kutoka upande unaolemewa kwenye kona kwenda ule wa pili, na gari huinama vibaya. Tangi litakuwa na koki ya chini ya kutolea maji, maana hewa ikishindiliwa hutoa unyevu na unyevu hula chuma kutoka ndani. Mpira mgumu wa kuzuilia utawekwa juu ya ekseli kila upande, kwa kimo ambacho mfuko ukipasuka katikati ya Ngong Road tairi haligusi bodi na gari linafika nyumbani polepole bila hewa yoyote. Sharti hilo ni langu na silegezi. Kazi ikikamilika itapelekwa kwenye ukaguzi wa NTSA, Likoni Road, ambako pikapu kama gari la biashara hukaguliwa kila mwaka.

Mbele bado tunabishana. Datsun hii mbele ina koili iliyozunguka shoki, na kijana anataka mifuko huko pia, ili pua na mkia vishuke pamoja. Wengine wamemshauri akate koili mduara mmoja. Mzee amelikataa hilo kabisa, kwa kuwa koili iliyokatwa huwa ngumu zaidi na inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia shimoni. Baba mdogo anasema pua isiguswe kwanza. Mimi niko upande wake, mpaka nyuma imalize msimu mmoja wa masika ikienda Limuru tupu na kurudi na viazi, vya magunia ya kilo 50.