Ziwa Lililofungwa

Miji iliyo kando ya maji ina nyakati mbili, wakati wa shughuli na wakati wa ukimya, na mgeni afikaye katika wakati wa pili aghalabu huambiwa kwamba amekosea safari. Huko Uingereza, miji ya pwani kama Blackpool na Brighton huachwa na wageni wake majira ya baridi, ikabaki na upepo, mvua na maduka yaliyofungwa. Kigoma haingojei watu wa kuoga. Msimu wake huletwa na dagaa, na dagaa hutawaliwa na mwezi. Wavuvi hutoka usiku wa giza, wakawasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na samaki wale wadogo huifuata nuru hata wakaingia nyavuni. Mbalamwezi ikienea, nuru ya taa hushindwa, na kazi husimama kwa siku kadhaa.

Utaratibu huo ulijulikana vema na mjane mmoja wa Kibondo, ingawa hakuwa ameliona ziwa maishani mwake. Mumewe alikuwa mchuuzi wa dagaa. Kwa zaidi ya miaka 30, giza la mwezi lilipoanza, alishuka Kibirizi, mwalo ulio kaskazini ya mji wa Kigoma, akanunua mali yake mchangani, akaianika, akaipakia na kurudi nayo milimani kuiuza katika masoko ya Kasulu na Kibondo. Kwa hiyo mkewe alijifunza kuusoma mwezi kwa namna yake: ulipopungua alijua nyumba itakuwa tupu, na ulipopevuka alijua mume yu njiani. Kila alipoomba kuchukuliwa alijibiwa kwamba mwalo wakati wa kazi si mahali pa mwanamke mwenye heshima (kauli ambayo wanawake wengi wanaoanika na kuuza dagaa pale wangeicheka), na kwamba angepelekwa siku ziwa litakapotulia. Lakini ziwa lilipotulia palikuwa na maharage ya kuvuna, au mtoto mgonjwa, au matanga. Mume akafa, na ahadi haijatimizwa.

Mwaka 2024 ziwa lilitulia kwa amri. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, katika mapatano na nchi nyingine zilizo kandokando ya ziwa hilo, ili samaki wapate kuzaana, kwa maana walikuwa wamepungua. Habari hiyo ilipomfikia yule bibi alisema kwamba sasa hapana udhuru tena. Akaja Kasulu kwa binti yake, na Jumamosi ya tarehe 6 Julai, kabla ya mapambazuko, akapanda gari la abiria pamoja na mjukuu wake wa kiume, mwanafunzi wa sekondari. "Leo utanipeleka wewe, mume wangu," alimwambia, kwa utani ule wa bibi na wajukuu.

Toka Kasulu hadi Kigoma ni mwendo wa kilometa 100 hivi, na kwa jumla ni mwendo wa kushuka. Baridi ya Buha ilibaki nyuma, migomba ikapungua, michikichi ikaongezeka, na mwishowe ziwa likaonekana. Bibi hakusema neno. Kitu alichokisikia kwa miaka mingi, akidhani kimetiwa chumvi na mtu apendaye kusifu safari zake, kilikuwa mbele yake, na ng'ambo ilijificha milima ya Kongo katika ukungu. Mjukuu akaanza kumweleza aliyofundishwa shuleni: kwamba urefu wake wapata kilometa 670, na kina chake mita 1,470, na kwamba ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Bibi akamwuliza kama mwalimu wake aliwahi kulala kando yake.

Kijana alitaka waanze Ujiji, penye ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871. (Watu wasio na idadi walikutana na kutenganishwa katika mji ule, wakati wa misafara ya pembe na ya watumwa, lakini jiwe limesimamishwa kwa ajili ya wageni wawili.) Alitaka pia kumwonyesha Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, wakati huo ilikuwa haisafiri. Bibi aliyakataa yote mawili. Alikuja kuiona Kibirizi.

Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, mingine imefudikizwa. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu, na watoto walicheza mpira mahali ambapo, msimu ukiwa wazi, mtu hawezi kupita bila kukanyaga mali ya mwenziwe. Harufu tu ndiyo haikutii amri. Mzee mmoja aliketi kivulini akishona wavu. Bibi alimwamkia kwa Kiha, akamwuliza kama alimfahamu mchuuzi wa Kibondo, mrefu, aliyechechemea mguu wa kushoto.

"Yule aliyehesabu fedha mara tatu?"

Bibi akacheka. Kisha akauliza, "Alikuwa akilala wapi?"

Mjukuu akainamisha uso. Katika ukoo wao kulikuwa na mnong'ono wa siku nyingi, usiothibitishwa na mtu, juu ya nyumba na mke mwingine kando ya ziwa. Mzee alijibu mara moja: alilala juu ya magunia, bandani, pamoja na wachuuzi wengine wa milimani. Banda lipi? Akanyosha mkono kuelekea majini. Ziwa lilikuwa limepanda miaka ile na kuchukua majengo ya mbele. Hatua kama 20 kutoka ukingoni nguzo tatu zilisimama katikati ya maji.

"Pale, mama."

Pale hapakuwa na mlango wa kubisha wala jirani wa kuulizwa. Jibu la haraka laweza kuwa la mtu mkweli, na laweza pia kuwa la mtu aliyekwisha kuulizwa swali lile lile na wajane wengine. Bibi alizitazama nguzo muda mrefu. Halafu akavua viatu, akakunja kitenge chake, akaingia majini kuzielekea, polepole, mpaka maji yakafika magotini na mjukuu akaita, "Bibi, basi! Basi, bibi!" Akainama, akanawa uso, akarudi.

Walinunua chupa mbili za mawese, kwa kuwa dagaa hawakuwapo, wakapanda gari la saa tisa. Walipoanza kupanda milima bibi aliuliza tarehe ya kufunguliwa kwa ziwa, naye kijana akamwambia ni 15 Agosti. Akahesabu kwa vidole, akianzia giza la usiku uliopita.

"Mwezi utakuwa mkubwa," alisema. "Watafungua, lakini siku za kwanza hawatapata kitu."