Kibanio cha pini kilivyoniumbua

"BABA Neema, hili gari lako linagonga kama konda wa Manzese. Majirani wanajua tunarudi hata kona hatujakata."

Hivyo ndivyo mama watoto alivyonianza Jumamosi moja ya mwaka 2019, hapa Houston, Texas, tunakoishi. Na alikuwa na haki yake. Nilikuwa nimenunua pikapu ya mkono wa pili, Ford F-150, kwa ajili ya kibarua changu cha wikiendi: kubeba viti, meza na mahema kwenye shughuli za Wabongo wa huku. Arusi, kipaimara, maulidi, msiba, mimi nipo na tela langu. Kasoro ilikuwa moja tu. Kila nikipita kwenye kiraka cha barabara, kule nyuma kwa-kwa-kwa! Nikifunga breki, ko! Nikiondoka, ko!

Ngoja nikueleze kitu chenyewe, msomaji, maana huenda hujakiona. Pikapu za huku, chini ya bampa la nyuma, zina bomba nene la mraba, tundu lake inchi 2 kwa 2. Humo unachomeka mkono wa chuma wenye kichwa cha duara, saizi ya limau, na tela linakalia kichwa hicho. Halafu unapitisha pini nene kama kidole kutoka ubavu mmoja wa bomba hadi wa pili, na kwenye ncha yake unatia kibanio kidogo ili isichomoke. Basi! Mzigo wote unaouvuta umeshikwa na pini hiyo moja.

Sasa, ili ule mkono uingie na kutoka bila kupigwa nyundo, lazima uwe mwembamba kidogo kuliko tundu. Na matundu ya pini nayo ni mapana kidogo kuliko pini. Hapo ndipo kelele inapozaliwa, chuma kinacheza ndani ya chuma. Tela likiwa na mzigo, uzito unaukandamiza mkono na kelele inapungua. Likiwa tupu, au ukiacha mkono peke yake bila tela, ndiyo unasikia ngoma. Dawa ya kwanza ni ya bure kabisa: kama huvuti kitu, chomoa mkono uutie ndani ya gari. Lakini mimi mvivu. Nilikuwa nauacha hapo hapo, na mara mbili umenichuna ugoko nikipita gizani.

Basi nikaanza ufundi wangu wa Gerezani. Nikakata kandambili kuukuu, nikaisokomeza pembeni ya mkono. Siku mbili tu, imetafunwa. Mzee mmoja jirani, Mmarekani, akanishauri nitumbukize mpira wa tenisi ndani ya bomba kabla ya kuingiza mkono, ili uwe unausukuma kwa nyuma. Nikacheka, lakini nikajaribu. Kelele ikapungua kweli, mpaka nilipofunga breki ya ghafla, ko! Ikarudi. Kabari ya mbao ndiyo kabisa, ilidondoka njiani siku ile ile.

Mwisho nikaenda duka la vipuri. Jamaa akanionyesha vitu viwili. Kimoja ni pini yenye uzi, ambayo ukiikaza inauvuta mkono hadi unagandamana na ubavu wa bomba. Cha pili ni yubolti, ndugu yake zile zinazofunga springi za lori. Inalikumbatia bomba na mkono kwa pamoja, unakaza nati mbili, hakuna kucheza tena. Nikachukua yubolti, dola 20 na ushee. Ijumaa jioni nikalala chini ya gari na spana yangu, nikakaza hadi mishipa ya shingo ikanitoka. Nikazunguka mtaa mzima. Kimya! Mama Neema akasema, "Afadhali." Kwa mke wangu, hiyo ni nishani.

Kesho yake tulikuwa na kazi isiyo ya pesa. Rafiki yangu mmoja alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na mkewe, shemeji yetu, alikuwa anahamia Dallas kwa kaka yake. Tela likajaa: kitanda, friji, makochi, cherehani, na mabegi mawili ya nguo za marehemu ambazo hakuwa tayari kuzigawa. Nilipakia kitaalamu, nisijisifu sana. Kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela inatakiwa ilalie kwenye kile kichwa, maana ukizidisha nyuma tela linayumba kama mlevi. Cheni za usalama nikazipitisha mkasi chini ya shingo ya tela ili ikichomoka iangukie juu yake, isichimbe lami. Shemeji akasema atatufuata nyuma na kigari chake, yeye na wanawe wawili, asije akapotea.

Kutoka Houston hadi Dallas ni kama kilomita 385, barabara moja, I-45. Tulipopita Conroe, Mama Neema akazima redio.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Ile kelele yako imerudi."

Nikamwambia haiwezekani, nimefunga mwenyewe jana. Akanyamaza. Baada ya dakika chache: "Baba Neema, mara hii inagonga taratibu. Simama." Nikanuna. Mtu nimelala chini ya gari, nimejipaka grisi mpaka masikioni, leo nafundishwa? Nikaongeza mwendo. Tulikuwa tunakaribia Huntsville, tunaiona ile sanamu kubwa nyeupe ya Sam Houston kando ya barabara, ndipo akasema bila kupandisha sauti:

"Watoto wa watu wako nyuma yako."

Nikatoka barabarani, nikaingia kituo cha mafuta.

Nilipoinama, nati za yubolti zilikuwa zinazungushika kwa kidole. Hilo peke yake si ajabu. Chuma kikishakaa mahali pake nati hulegea, ndiyo maana unatakiwa usimame baada ya mwendo mfupi uzikaze tena. Lakini pini! Kibanio hakipo. Pini yenyewe ilikuwa imejisogeza na mitikisiko hadi upande wa pili imebakia kama unene wa ukucha. Nikahisi magoti yanalegea. Cheni labda zingelishika tela. Labda. Kwa kilomita 100 kwa saa, na shemeji yuko pale nyuma na watoto, sitaki hata kuwaza. Na yubolti si ya kushika mzigo, kazi yake ni kelele tu. Kilichoniuma zaidi ni hiki: kama zile nati zisingelegea, pikapu ingekuwa kimya, na mimi nisingesimama hadi Dallas.

Shemeji akashuka garini. "Vipi shemeji, kuna nini?"

"Aa, kibanio tu kimedondoka njiani. Vitu vya siku hizi feki, shemeji."

Akanipa pole, akanipa na chupa ya maji. Mama Neema akaniangalia, akaingia dukani. Akatoka na vibanio viwili, kimoja cha akiba. Nikarudisha pini, nikatia kibanio, nikakaza nati. Baada ya kilomita 15 nikasimama nikakagua tena, na mbele tena. Tulifika Dallas usiku. Kitanda kilifungwa saa 5, watoto wakalala.

Jumatatu Mama Neema alikuwa anafua. Kwenye mfuko wa suruali yangu ya Ijumaa, ile ya grisi, akakuta kibanio. Kizima, hakina hata mkwaruzo. Nilikichomoa ili nitoe pini nifunge yubolti, nikakitia mfukoni, pini nikairudisha bila chenyewe. Hakikusemwa kitu. Nilikikuta kimefungwa kwenye funguo za gari, na mpaka leo kiko pale pale, kinanichoma paja kila nikiketi.

Shemeji, kama gazeti hili limekufikia, naomba radhi. Hakikudondoka njiani.